Kuunguza Saratani ya Ini kwa Joto: Mbinu Zilizopo, Tofauti Zake, na Maana Yake kwa Mgonjwa wa Kanda ya Ziwa

Mchimbaji mdogo wa Rwamgasa hahitaji kufundishwa nguvu ya joto. Katika mialo ya kata hiyo ya Wilaya ya Geita, zebaki iliyoshikamana na dhahabu huwekwa juu ya moto. Zebaki huchemka ifikapo nyuzi 357 za Sentigredi, hupaa kama mvuke, na dhahabu hubaki. Tiba ya kisasa ya saratani ya ini nayo hutumia joto, ingawa kwa kiwango cha chini zaidi na kwa shabaha nyembamba mno: ncha ya sindano hupashwa ndani ya uvimbe mpaka seli za saratani zife, huku ini lililo jirani likiachwa liendelee na kazi yake.

Makala hii inalinganisha mbinu hizo za joto: zinavyofanya kazi, zinapotofautiana, na ni mgonjwa gani anayefaa kutibiwa kwa kila moja. Inajadili pia jambo lenye uzito kuliko chaguo la mashine. Mbinu zote hizi zinategemea uvimbe kugunduliwa ukiwa mdogo, na katika ukanda wetu wagonjwa wengi hufika hospitalini wakati huo umekwisha kupita.

Saratani hii hutoka wapi

Saratani inayoanzia kwenye seli za ini lenyewe huwa na visababishi vinavyojulikana vyema. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeviweka virusi vya homa ya ini B na C, sumukuvu, na pombe katika kundi la kwanza la visababishi vilivyothibitishwa kwa binadamu. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Pale virusi vya homa ya ini B na sumukuvu vinapokutana katika mwili wa mtu mmoja, hatari huongezeka maradufu na zaidi.

Watu wa maeneo ya machimbo huuliza mara kwa mara kuhusu zebaki. Swali hilo ni la haki. Rwamgasa ilikuwa eneo la Tanzania lililochaguliwa katika Mradi wa Kimataifa wa Zebaki wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, uliofanyika katika nchi 6 kati ya mwaka 2002 na 2007. Mvuke wa zebaki huathiri ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na kuuepuka ni jambo la lazima. Hata hivyo, zebaki haijathibitishwa kuwa kisababishi cha saratani ya ini. Mchimbaji anayeacha kuchoma zebaki ndani ya nyumba amefanya jambo jema kwa fahamu zake na za watoto wake, lakini bado hajajua kama ana virusi vya homa ya ini B. Kipimo cha virusi hivyo ni suala jingine, nacho kinahitaji tone la damu tu.

Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika ratiba ya chanjo za watoto wachanga nchini Tanzania mwaka 2002. Maana yake ni kwamba wengi wa wanaume na wanawake wanaofanya kazi leo kwenye maduara, karasha na masoko ya Rwamgasa na Katoro walizaliwa kabla ya chanjo hiyo. Hao ndio kundi ambalo saratani ya ini italitafuta katika miaka ijayo.

Joto hufanya nini ndani ya ini

Mwili wa binadamu huishi karibu na nyuzi 37. Tishu ikipashwa hadi nyuzi 46 kwa muda wa saa nzima, seli hupata madhara yasiyorekebishika. Ikifika kati ya nyuzi 50 na 52, dakika 4 hadi 6 hutosha. Kuanzia nyuzi 60, protini za seli huganda papo hapo, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe kwenye kikaango. Joto likizidi nyuzi 100, maji ya tishu huchemka na kuwa mvuke, na tishu yenyewe huanza kuwa mkaa.

Kwa hiyo lengo la tabibu ni kuufikisha uvimbe wote kwenye nyuzi 60 au zaidi, pamoja na ukingo wa ini lenye afya wa milimita 5 hadi 10 kuuzunguka. Ukingo huo ni muhimu sana, kwa sababu chembe ndogo za saratani zisizoonekana kwenye picha hujificha humo. Uvimbe wa sentimita 3 ukiongezewa sentimita moja kila upande huhitaji eneo lililoungua lenye kipenyo cha sentimita 5. Hesabu hiyo rahisi ndiyo inayoeleza kwa nini ukubwa wa uvimbe hutawala kila uamuzi katika tiba hii.

Utaratibu wenyewe hufanana kwa mbinu nyingi. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi au ya kutuliza pamoja na ganzi. Ngozi huchanjwa milimita chache tu. Tabibu huiongoza sindano hadi kwenye uvimbe akitazama picha ya altrasaundi au ya CT. Baada ya kuunguza, sindano huondolewa taratibu huku njia yake ikipashwa joto, ili kuzuia damu kuvuja na seli za saratani kupandikizwa njiani. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili.

Mawimbi ya redio

Mbinu hii ilianza kuelezwa kwa ajili ya ini mwaka 1990, na watafiti wa Italia na wa Marekani waliofanya kazi kila upande peke yake. Ndiyo iliyochunguzwa kwa muda mrefu kuliko nyingine zote za joto.

Mkondo wa umeme unaobadili mwelekeo karibu mara laki 5 kwa sekunde hupitishwa kwenye elektrodi iliyo ndani ya uvimbe. Ioni zilizomo katika tishu hutikisika zikifuata mabadiliko hayo, na msuguano wake huzaa joto. Mkondo hutoka mwilini kupitia pedi zilizobandikwa kwenye mapaja. Pedi hizo zisipobandikwa vizuri, ngozi inaweza kuungua, jambo ambalo muuguzi wa chumba cha tiba hupaswa kulikagua kabla na wakati wa kazi.

Udhaifu wa mbinu hii ni wa aina mbili. Kwanza, umeme huhitaji tishu yenye unyevu ili upite. Tishu iliyo karibu na elektrodi ikikauka na kuwa mkaa, hugeuka ukuta, na joto haliendelei mbele. Ndiyo maana mashine hupandisha nguvu polepole, na baadhi ya elektrodi hupozwa kwa maji yanayozunguka ndani yake. Pili, mshipa wa damu wenye kipenyo kinachozidi milimita 3 ukiwa kando ya uvimbe hulibeba joto na kuondoka nalo, kama upepo unavyopoza chungu kilicho jikoni. Seli zilizopakana na mshipa huo zinaweza kunusurika, na ugonjwa ukarudi kutoka hapo hapo.

Mawimbi ya maikrowevu

Madaktari wa Japani walieleza matumizi ya mawimbi haya kwa kupitisha sindano kwenye ngozi mwaka 1994. Hapa sindano ni antena. Hutoa mawimbi ya megahezi 915 au 2,450, na molekuli za maji katika tishu hugeuka-geuka zikijaribu kuyafuata. Mgeuko huo huzaa joto katika eneo lote linalofikiwa na mawimbi, bila kusubiri joto lisambae kutoka kwenye ncha ya sindano.

Faida zake hutokana na tofauti hiyo. Mawimbi hupenya hata tishu iliyokauka, kwa hiyo joto hupanda haraka na linaweza kuvuka nyuzi 100 bila kazi kusimama. Kazi ambayo kwa mawimbi ya redio ingechukua dakika 10 hadi 30 mara nyingi humalizika katika dakika 5 hadi 10. Athari ya mishipa ya damu kupoza tishu ni ndogo zaidi, eneo linalounguzwa kwa sindano moja ni kubwa zaidi, na pedi za mapajani hazihitajiki.

Lakini nguvu hiyo hiyo hudai umakini. Eneo linalounguzwa linaweza kurefuka kufuata shina la antena, na joto linaloenea upesi halisamehe kosa la mahali. Uvimbe ulio karibu na mirija mikuu ya nyongo, utumbo au kiwambo cha tumbo huhitaji mkono uliozoea.

Mbinu nyingine

Leza hupitisha nuru kwenye nyuzi nyembamba za kioo zilizoingizwa ndani ya uvimbe. Huunguza eneo dogo kwa kila uzi, na hufaa pale ambapo tabibu anataka kufanya kazi ndani ya mashine ya picha za sumaku. Mawimbi ya sauti yaliyokusanywa mahali pamoja huunguza bila kutoboa ngozi, ila huchukua muda mrefu, na mbavu pamoja na mwendo wa pumzi huyazuia yasifike sawasawa.

Ipo pia mbinu isiyotumia joto ambayo haipaswi kusahauliwa katika nchi zenye kipato kidogo: kudunga alkoholi safi ndani ya uvimbe. Ilianzia Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vifaa vyake ni sindano ndefu, altrasaundi na chupa ya alkoholi. Kwa uvimbe usiozidi sentimita 2 matokeo yake hukaribia ya mawimbi ya redio. Kwa uvimbe unaozidi hapo, alkoholi haisambai sawasawa, mgonjwa hudungwa mara nyingi, na ugonjwa hurudi zaidi.

Ipi ni bora?

Kwa maelezo ya kifizikia peke yake, mtu angetarajia maikrowevu ishinde waziwazi. Jibu la majaribio ya kitabibu ni la tahadhari zaidi. Jaribio lililofanyika Ufaransa na Uswisi, na kuchapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet Gastroenterology & Hepatology, liliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa wenye saratani ya ini isiyozidi sentimita 4. Baada ya miaka 2, ugonjwa ulikuwa umeendelea mahali palepale katika vinundu 6 kati ya 98 vilivyotibiwa kwa maikrowevu, na vinundu 12 kati ya 104 vilivyotibiwa kwa mawimbi ya redio. Kwa macho, tofauti inaonekana. Kitakwimu, haikutosha kuthibitisha kwamba mbinu moja inaipita nyingine.

Maana yake kwa mgonjwa ni hii: kwa uvimbe mdogo ulio mbali na mishipa mikubwa, mbinu zote mbili ni nzuri, na aulize zaidi kuhusu uzoefu wa tabibu kuliko jina la mashine. Kwa uvimbe wa sentimita 3 hadi 4, au uliopakana na mshipa wa damu, wataalamu wengi huegemea maikrowevu. Kwa hospitali inayofikiria kununua mashine, gharama ya sindano ina uzito kuliko gharama ya mashine yenyewe, kwa kuwa kila sindano hutengenezwa kwa matumizi ya mgonjwa mmoja.

Nani anafaa

Miongozo ya kimataifa huiweka tiba ya kuunguza kwa mgonjwa mwenye uvimbe mmoja mdogo, au vinundu visivyozidi 3, kila kimoja kisichozidi sentimita 3, bila ugonjwa kuingia kwenye mshipa mkuu wa ini au kusambaa nje. Ini lake liwe bado linafanya kazi ya kutosha: asiwe na maji mengi tumboni yasiyodhibitika wala manjano makali. Damu yake iweze kuganda. Vituo vingi hutaka chembe sahani zisipungue elfu 50 kwa kila mikrolita.

Hapa kuna jambo ambalo daktari wa Afrika Mashariki analazimika kulipima kwa makini. Vitabu vingi viliandikwa kwa wagonjwa wa Ulaya na Japani, ambao ini lao kwa kawaida limekwisha kusinyaa na kujaa makovu. Kwa mgonjwa kama huyo upasuaji ni hatari, na kuunguza humwepusha na kisu. Virusi vya homa ya ini B na sumukuvu vinaweza kuleta saratani katika ini lisilo na makovu. Kijana wa miaka 35 mwenye ini la namna hiyo na uvimbe mmoja anaweza kuvumilia kukatwa sehemu ya ini, na upasuaji huenda ukampa nafasi bora ya kupona. Kwa hiyo uamuzi ufanywe na jopo lenye daktari bingwa wa upasuaji, wa ini na wa radiolojia kwa pamoja.

Hali halisi ya wagonjwa wetu

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliokusanya kumbukumbu za wagonjwa wa saratani ya ini kutoka Misri na nchi 8 nyingine za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo. Kati ya wagonjwa 1,251 wa Misri, asilimia 76 walipata angalau tiba moja iliyolenga saratani yenyewe. Kati ya wagonjwa 1,315 wa nchi hizo nyingine, waliopata tiba kama hiyo walikuwa asilimia 3. Nusu ya wagonjwa wa Misri waliishi zaidi ya miezi 10.9 baada ya kugunduliwa. Katika nchi nyingine nusu walikuwa wamefariki kabla ya miezi 2.5. Umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 58 Misri na miaka 46 kwetu.

Takwimu hizo haziwezi kuelezwa kwa uhaba wa sindano za maikrowevu peke yake. Mgonjwa anayefika akiwa amekonda, tumbo limejaa maji, na uvimbe unapapaswa chini ya mbavu, hana tena mbinu ya kuunguza inayomfaa hata kama mashine iko chumba cha pili. Misri ilijenga vituo vya ini na utaratibu wa kuwafuatilia wenye homa ya ini sugu, ambayo kwao kwa sehemu kubwa ni ya aina C. Mashine zilipata wagonjwa wa kuwatibu kwa sababu vinundu viligunduliwa mapema.

Kwa upande wa wataalamu, hatua imepigwa. Mwaka 2018 kundi la kwanza la wakufunzi wa radiolojia ya tiba kutoka Chuo Kikuu cha Yale lilifika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kufundisha fani hiyo katika ngazi ya uzamili. Tabibu anayejua kuiongoza sindano ndani ya ini kwa kutazama altrasaundi, iwe kwa kuchukua kinyama cha uchunguzi au kuzibua mirija ya nyongo, tayari ana msingi wa kuunguza uvimbe. Njia nayo imefupika: tangu Juni 2025, mgonjwa anayetoka Geita kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando hapangi tena foleni ya kivuko kati ya Busisi na Kigongo, bali huvuka kwa daraja.

Kwa mhudumu wa zahanati na kituo cha afya

Kazi inayookoa maisha mengi zaidi hufanyika kabla ya rufaa. Mtu mzima yeyote atokaye katika eneo la machimbo na asiyejua hali yake apimwe homa ya ini B. Asiye na virusi wala kinga apewe chanjo: dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu miezi 6 tangu ya kwanza. Watu wa machimbo huhama. Mwandikie kadi, na umweleze kuwa anaweza kumalizia dozi kituo chochote kitoacho chanjo hiyo.

Mwenye virusi asiambiwe tu kwamba hakuna la kufanya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2024 umepanua wigo wa wanaostahili dawa, na tenofovir, iliyo pia ndani ya dawa za wanaoishi na VVU, hupunguza hatari ya saratani. Mwenye makovu ya ini, au mwenye virusi na ndugu aliyekufa kwa saratani ya ini, apigwe altrasaundi ya ini kila baada ya miezi 6. Kinundu chochote kipya kinachozidi sentimita moja ni sababu ya kumpeleka kwenye picha ya CT yenye dawa, si sababu ya kumwambia arudi mwakani.

Kwa mgonjwa aliyerudi nyumbani baada ya kuunguzwa, homa ndogo, uchovu na maumivu ya ubavu wa kulia kwa siku chache ni kawaida. Homa kali, au homa inayodumu zaidi ya wiki moja, isihesabiwe malaria kwa mazoea. Inaweza kuwa jipu la ini. Pima malaria, lakini hata kipimo kikionyesha vimelea, piga simu kwa hospitali iliyomtibu. Manjano mapya, tumbo gumu, au kizunguzungu chenye mapigo ya haraka ya moyo ni dharura. Kwa jumla madhara makubwa huwapata wagonjwa wachache, takriban 2 hadi 4 katika kila 100.

Kwa mgonjwa na familia

Ukielezwa kuwa uvimbe wako unaweza kuunguzwa, uliza mambo manne: una ukubwa gani na viko vingapi, ini langu lina makovu au la, je, upasuaji umefikiriwa, na nitapigwa picha lini baada ya tiba. Picha ya kwanza kwa kawaida hufanyika baada ya mwezi mmoja, kisha kila miezi 3 mwanzoni. Usiache kurudi kwa sababu unajisikia vizuri. Kuunguza huua uvimbe ulioonekana, lakini ini lililozaa uvimbe mmoja linaweza kuzaa mwingine, na dawa ya virusi huendelea.

Nyumbani, wote waliokaa nawe wapimwe: mwenzi, watoto, ndugu wa tumbo moja. Usichangie wembe wala mswaki. Acha pombe, hasa gongo. Anika mahindi na karanga juu ya turubai mpaka zikauke vyema, na zilizoota ukungu zitupwe, zisipelekwe kinuni. Na mama mjamzito apimwe mapema, kwa kuwa mtoto aambukizwaye wakati wa kuzaliwa ndiye anayebeba virusi hivyo kwa muda mrefu zaidi, na ndiye anayeweza kuwa mgonjwa wa miaka 40 ijayo.

Mashine za kuunguza uvimbe zitaendelea kuboreshwa. Kipimo cha damu cha dakika chache na altrasaundi ya kila miezi 6 ndivyo vitakavyoamua ni wangapi kutoka Rwamgasa watakaofika kwenye mashine hizo uvimbe ukiwa bado chini ya sentimita 3.